Kamera ya joto kwa kazi ya kukausha nyumba zilizoingia maji: ninunue ipi?

Mkaushaji wa South B (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, hamjambo.

Huu ni mwaka wa sita tangu nianze kazi ya kukausha nyumba zilizoingia maji hapa Nairobi. Wateja wangu ni watu ambao bomba limewapasukia ukutani, tangi la paani limefurika usiku kucha, au masika yamewaletea maji ya barabarani hadi sebuleni. Nina feni nne za kukaushia, mashine mbili za kufyonza unyevu hewani, pampu, na kipima unyevu cha pini mbili ambacho kimenilisha muda wote huo. Kamera ya joto sina, na sasa wateja wanaiulizia, hasa wale ambao wakadiriaji wao wa bima hawaridhiki na maelezo ya mdomo na wanataka picha ndani ya ripoti.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami ninayo sababu ya kushtuka. Mwaka juzi niliazima kile kijikamera kinachochomekwa kwenye simu, nikaenda nacho katika fleti moja Kilimani ambako mpangaji alikuwa akilalamikia harufu ya ukungu chumbani. Kwenye kioo cha simu lilitokea doa la buluu, kubwa kama meza, juu ya dari ya jipsamu. Nilimhakikishia mwenye nyumba kwamba maji yapo, tukakata dari, na ndani tukakuta pakavu kabisa. Ile buluu ilikuwa hewa ya baridi iliyokuwa ikipenya kupitia tundu la bomba na kupoza bodi ya jipsamu kwa juu. Dari niliirudishia kwa pesa zangu, na chanzo cha harufu nilikuja kukikuta siku mbili baadaye nyuma ya kabati, kwa kutumia pini zilezile za siku zote.

Nimetenga shilingi 120,000. Nimeziangalia FLIR C5, HIKMICRO B20 na FLIR ONE Pro ya kuchomeka kwenye simu. Muuzaji mmoja Luthuli Avenue ananihimiza nichukue ya nne, ya jina nisilolijua, ambayo boksi lake limeandikwa 640 kwa 480 na bei yake iko chini kuliko zote. Ninaomba ushauri wa watu waliokwisha kufanya kazi na vifaa hivi. Nawasilisha.

Mhandisi Mstaafu

Ndugu mwanzisha uzi, kisa chako cha Kilimani kimebeba nusu ya jibu, kwa hiyo niruhusu nianzie hapo kabla hatujafika kwenye majina ya kamera.

Kamera ya joto haioni maji. Inachopokea ni mionzi ya infraredi, ile yenye mawimbi ya urefu wa takriban mikromita 8 hadi 14, inayotoka kwenye uso wa ukuta, na kutokana na mionzi hiyo inakadiria joto la uso peke yake. Haipenyi ndani ya plasta hata kidogo. Unyevu hujitokeza kwenye picha kwa njia ya mzunguko: maji yanapogeuka mvuke na kutoka kwenye plasta huchukua joto, kiasi cha jouli 2,400 hivi kwa kila gramu, na sehemu hiyo hupoa kuliko jirani yake. Pasipo mvuke kutoka hapana kupoa, na pasipo kupoa hapana doa la kupigwa picha, hata kama ukuta umelowa chepechepe.

Sasa tazama maana yake kwa mji wetu. Alasiri ya Februari, hewa ikiwa na joto la digrii 23 na unyevu wa asilimia 50, kitambaa kilicholowa kikitundikwa penye upepo kinaweza kushuka hadi karibu digrii 16, yaani tofauti ya digrii 6 na zaidi. Asubuhi ya Aprili mvua ikinyesha, hewa ikiwa na digrii 20 na unyevu wa asilimia 90, kitambaa hichohicho hakishuki zaidi ya digrii 1 na kidogo. Na hicho ni kitambaa. Ukuta wa mawe ya kuchonga, wenye plasta na rangi ya mafuta juu yake, utakupa sehemu ndogo tu ya tofauti hiyo. Kwa maneno mengine, msimu ambao simu yako inalia sana ndio msimu ambao kamera inaona kidogo. Wenzetu wa Ulaya na Marekani, ambako miongozo mingi ya fani hii imeandikwa, hupasha nyumba joto kwa ndani huku nje kukiwa na baridi kali, na kwa hiyo tofauti ya joto wanaipata bila jasho. Madirisha yetu hushinda wazi, na ndani ni karibu sawa na nje.

Ndiyo sababu kipimo cha kwanza ninachokitafuta kwenye karatasi ya kamera ni uwezo wake wa kuhisi tofauti ndogo ya joto, ule unaoandikwa kwa milikelvini, ambapo nambari ndogo ndiyo bora. C5 imeandikwa chini ya milikelvini 70, yaani digrii 0.07, B20 imeandikwa chini ya 40, yaani digrii 0.04. Kwa fundi wa umeme anayetafuta kiungio cha waya kilichopata moto, tofauti hiyo haina uzito wowote. Kwako wewe, mwezi wa Aprili, ina uzito.

Fundi wa Mifereji, Kasarani

Mzee amesema kweli, lakini tofauti ya joto inaweza pia kutengenezwa. Nikishuku kwamba bomba la maji ya moto linavuja ndani ya ukuta, ninafungulia maji ya moto kwa dakika 10 hivi kisha ninatazama: bomba zima huonekana kama mstari, na pale linapovuja mstari hupanuka ukawa doa lisilo na umbo. Hakuna kazi ambayo kamera hizi huifanya vizuri kuliko hiyo.

Taabu ni kwamba fleti nyingi za hapa mjini hazina bomba la maji ya moto ukutani. Maji yanapashwa na kichwa cha bafu chenyewe, kwa hiyo yanayopita ndani ya ukuta ni ya baridi, na yakikaa kidogo huchukua joto la ukuta na kupotea machoni pa kamera. Mbinu yangu inafaa nyumba zenye boila au paneli za jua za kupashia maji. Kwa bomba la maji baridi ninaanza na mita: ninafunga mifereji yote na vyoo, kisha ninatazama kama mita bado inasogea. Mita haikunitoza shilingi 120,000.

Niongeze kwamba feni zako pia ni chombo cha kutengenezea tofauti. Ziwashe kwa saa moja, zizime, usubiri kidogo, ndipo upige picha. Sehemu yenye maji itakuwa imepoa kuliko kavu kwa sababu imetoa mvuke zaidi.

Mtayarisha Ripoti

Mimi ninaandaa ripoti za hasara za nyumba, na picha za kamera hizi hupita mezani kwangu karibu kila wiki. Ninaomba niseme mambo ambayo muuzaji hatakwambia, nikianza na lile boksi la Luthuli.

Muulize 640 kwa 480 ni vipimo vya nini. Mara nyingi ni vipimo vya kioo, au vya kamera ya kawaida iliyowekwa pembeni, au ni picha iliyokuzwa na programu baada ya kupigwa, huku sensa ya joto yenyewe ikiwa ndogo sana. Sensa ya kweli ya 640 kwa 480 ina pikseli 307,200, na kifaa cha namna hiyo hakiwezi kuuzwa kwa bei iliyo chini ya C5 yenye pikseli 19,200. Mwambie afungue kijitabu cha kiwandani na akuonyeshe kwa kidole mahali palipoandikwa vipimo vya sensa ya infraredi. Asipopaona, toka dukani.

Pikseli zenyewe zina maana pale unapozigeuza kuwa sentimita ukutani. C5 ina upana wa kuona wa digrii 54, kwa hiyo ukisimama mita 3 kutoka ukutani inafunika kama mita 3 za upana, na kila pikseli inabeba karibu sentimita 2. B20 ina digrii 50 na pikseli 256 kwa upana, na mahali hapohapo kila pikseli inabeba sentimita 1 na kidogo. Kwa kuwa joto la kuaminika linahitaji angalau pikseli tatu kwa tatu, kitu chembamba kuliko sentimita 6 kwa kamera ya kwanza, au 3 na kitu kwa ya pili, hakisomeki vizuri kutoka umbali huo. Hata hivyo vyumba vyetu ni vidogo na unaweza kusogea, kwa hiyo sioni haja ya wewe kukopa ili upate pikseli 320 kwa 240. Tofauti hiyo itakufaa siku utakapoanza kukagua maghala ya Industrial Area.

Jambo ambalo mimi ningeliweka mbele ya pikseli ni uwezo wa kufunga kipimo cha rangi kwa mkono. Kamera ikiachwa ijiongoze, hutafuta mahali pa baridi kabisa na pa joto kabisa katika kile inachokiona, kisha hugawanya rangi zote kati ya ncha hizo mbili. Chumba chenye tofauti ya digrii 0.8 kitapata buluu ileile na nyekundu ileile ya chumba chenye tofauti ya digrii 8. Ninashuku kwamba hicho ndicho kilichokupata Kilimani: doa lilikuwa kubwa kwa rangi na dogo kwa digrii. Kamera unayoweza kuiwekea mipaka, kwa mfano digrii 18 hadi 22, na kuishikilia hapo unapotembea kutoka chumba hadi chumba, inakupa picha zinazolinganishika. Isiyoweza, inakupa mapambo.

Hakikisha pia kwamba picha inahifadhiwa pamoja na joto la kila pikseli. Mkadiriaji akiniuliza kona ya chini ilikuwa na digrii ngapi, ninafungua faili kwenye kompyuta na kumjibu. Picha iliyohifadhiwa kama rangi tupu haijibu swali lolote. Na usidanganywe na mistari mizuri ya milango na madirisha inayoonekana juu ya picha ya joto. FLIR wanaiita MSX, na watengenezaji wengine wanayo ya kwao: ni michoro inayotoka kwenye kamera ya kawaida na kupachikwa juu. Inasaidia kumwonyesha mteja ni ukuta upi, lakini haiongezi hata chembe ya habari ya joto.

Mzee wa Umoja

Nitauliza kama mtu asiye na haraka. Kijana huyu alipata unyevu wa Kilimani kwa pini. Kwa nini asinunue kipima unyevu bora zaidi, na pesa zinazobaki aongeze mashine ya kukaushia? Kamera haikaushi ukuta.

Mhandisi Mstaafu

Mzee mwenzangu, ninakubaliana nawe kwa robo tatu. Kamera inaonyesha mahali pa kuchoma pini, na pini ndizo zinazosema kama kuna maji. Anayenunua kamera akauza kipima unyevu chake amenunua macho akauza mikono.

Hata pini zina uongo wake. Nambari zake zimepangwa kwa ajili ya mbao, na kwa mbao nitaziamini: sakafu ya vipande vya mbao katika nyumba za zamani za Kileleshwa na Lavington ikisoma zaidi ya asilimia 20 iko hatarini kuoza. Kwenye plasta na mawe nambari hizo ni za kulinganisha tu, sehemu iliyolowa na sehemu iliyo kavu ya ukuta uleule. Chumvi ikiwa imejikusanya kwenye plasta ya zamani, kipima kitapanda hata kama maji yameondoka, kwa sababu kinapima jinsi umeme unavyopita. Kile kisicho na pini nacho hudanganywa na chuma, na ndani ya slabu zetu na nyuma ya dari za jipsamu hakuna kitu kilichojaa kama chuma. Penye ubishi wa kweli ninatumia kabaidi: unachimba sampuli ya plasta, unaisaga, unaipima uzito, unaitia pamoja na kabaidi ndani ya chupa ya chuma, na shinikizo la gesi linakuonyesha kiasi cha maji. Ni kazi ya kuchafua mikono, lakini haijawahi kunitia aibu.

Robo ninayotofautiana nawe ni ya muda. Chumba cha mita 4 kwa 5 kina kuta na dari zenye eneo la mita za mraba zaidi ya 60, na kuzichoma zote kwa pini hakuna mpangaji atakayekuruhusu.

Fundi wa Mifereji, Kasarani

Kipo pia kifaa kinachounganisha yote mawili, FLIR MR176, ambacho kina pini, kina sehemu ya kupima bila pini, na kina kikamera kidogo cha pikseli 80 kwa 60. Kwa kutafuta njia ukiwa peke yako kinatosha. Kwa picha ya kumpelekea mtu wa bima, pikseli 4,800 hazipendezi.

Mkaushaji wa South B

Ninawashukuru nyote, na zaidi dada wa ripoti kwa kunieleza ni nini hasa kilinipata Kilimani.

Nina swali moja kabla sijaenda mjini. Karibu theluthi ya kazi zangu ni fleti za juu kabisa, ambazo slabu ya paa ni tambarare na maji hushuka kwenye dari ya mpangaji mbali kabisa na mahali yalipoingilia. Je, kamera inaweza kunionyesha mahali penye maji nikiwa juu ya paa?

Mhandisi Mstaafu

Inaweza, ukichagua saa. Maji hushika joto kuliko zege: gramu moja ya maji inahitaji joto la zaidi ya mara nne ya gramu ya zege ili ipande digrii moja. Kwa hiyo baada ya siku ya jua kali, jua likishazama, sehemu kavu za paa hupoa haraka na zile zilizobeba maji chini ya lami hubaki na joto kwa muda. Panda kati ya saa 1 na saa 2 za usiku, mbingu ikiwa wazi, na paa likiwa halijanyeshewa siku hiyo. Nenda na mtu wa pili na tochi, kwa maana anayetembea huku macho yake yakiwa kwenye kioo haoni ukingo wa paa.

Hata hivyo paa nyingi za Nairobi zimepakwa rangi ya fedha juu ya lami, na rangi hiyo ya alumini hutoa mionzi kidogo na kuakisi mingi. Ukiielekeza kamera hapo utasoma ubaridi wa mbingu, wala si joto la slabu. Mabati mapya yana tabia hiyohiyo, na kioo cha dirisha pia: hukuonyesha umbo lako mwenyewe likiwaka, na nimeshaona mtu mzima akishtuka. Plasta, zege, mbao na rangi ya kawaida hazina shida. Hutoa karibu asilimia 90 hadi 95 ya mionzi inayotarajiwa. Kwenye mng'aro, bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme, usubiri kidogo, kisha usome joto la utepe.

Mtayarisha Ripoti

Niongeze la afya, kwa kuwa tunaongea kana kwamba maji yote ni mamoja. Mwongozo wa S500 wa taasisi ya IICRC ya Marekani, ambao watu wa kazi yako wanautumia sana, unagawa maji katika makundi matatu, kuanzia maji safi ya bomba hadi maji machafu yenye kinyesi. Kamera haijui tofauti hiyo. Doa la bafu la jirani wa juu na doa la bomba la choo lililopasuka vina buluu moja, na la pili halikaushwi kwa feni kabla ya kutoa kilicholowa na kusafisha, kwa sababu feni itasambaza uchafu chumba kizima.

Mkaushaji wa South B

Nimerudi baada ya siku kumi na moja.

Sikuamini maneno ya duka lolote, kwa hiyo nilipanga jaribio. Fundi mmoja aliniazima kamera yake yenye milikelvini 70, na muuzaji akaniruhusu kwa amana kuchukua ile ya 40 kwa siku moja. Saa nne asubuhi nilikandamiza sponji iliyojaa maji kwa dakika 20 kwenye plasta ya ukuta wa stoo yangu, halafu nikaanza kupiga picha kila baada ya nusu saa. Nilitarajia ushindi wa wazi, na haikuwa hivyo: saa mbili za mwanzo kamera zote mbili ziliona doa bila taabu. Zilianza kuachana jioni, mvua iliponyesha na hewa ikawa nzito, ambapo ile ya 40 bado ilikuwa na ukingo wa doa na ile nyingine ilikuwa na wingu. Pini zilisoma maji kwa muda wote huo na siku tatu zilizofuata, wakati kamera zote mbili zilikuwa zimekwisha kunyamaza.

Ile ya kuchomeka kwenye simu niliiacha kwa sababu isiyohusu picha: kazini mteja ananipigia, betri inakwisha, na sipendi kutoa simu barabarani kila ninapofika penye kazi. Boksi la 640 kwa 480 nalo nililiomba kijitabu, na muuzaji akasema kijitabu kimebaki bohari.

Nimechukua ile ya pikseli 256 kwa 192, baada ya kukaa dukani saa nzima nikihakikisha kwamba inafunga kipimo cha rangi kwa mkono na kwamba faili zake zinafunguka kwenye kompyuta yangu zikiwa na joto la kila pikseli. Risiti nimeichukua ikiwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 imeandikwa, na udhamini una anwani ya hapahapa Nairobi, jambo ambalo waliokuwa wakiniagizia kutoka ng'ambo hawakuweza kunipa. Salio limenunua kipima unyevu kisicho na pini.

Jana niliitumia kwa mara ya kwanza katika nyumba moja Lang'ata. Doa lilikuwa na tofauti ya digrii 1.3, nililifungia kati ya digrii 17 na 21, nikachoma pini mahali sita ndani ya doa na sita nje yake, na safari hii sikukata kitu mpaka pini ziliposema ndiyo.

Mhandisi Mstaafu

Vizuri. Je, katika ripoti uliandika saa uliyopiga picha, pamoja na joto na unyevu wa hewa ya chumba?

Mkaushaji wa South B

Saa niliandika, mzee. Hewa sikuipima. Leo alasiri ninarudi kwa picha ya pili, na nitapitia mjini kwanza kununua kipima hewa.